Namba Zilizoandikwa Bado

Mwezi wa pili baada ya mama kupata kiharusi, nilianza kuichukia simu yake. Ilikuwa na mlio wa kaswida aliouchagua mwenyewe alipokuwa mzima, na kila ulipoanza aligeuza kichwa kuelekea dirishani, ilipokuwa ikichajiwa, kisha akanitazama mpaka nipokee. Nilipokea nikiwa na mikono ya sabuni. Nilipokea nikiwa nimeshika bakuli la uji. Siku moja nilipokea nikiwa nimemwinua nusu kitandani, simu nimeibana kati ya sikio na bega, nikiogopa kumwachia. Na mazungumzo yalikuwa yale yale.

"Mama Mpishi?"

"Hapana. Ni binti yake."

"Hebu mpe."

"Anaumwa, hawezi kuongea."

"Lo, pole jamani. Sasa sisi na harusi yetu Jumamosi ijayo tutafanyaje?"

Nilirudisha simu dirishani, na kabla sijamlisha kijiko cha tatu ililia tena.

Mama alikuwa mpishi wa shughuli. Pale Tabora mjini, mtu akiozesha, akifiwa, akisoma hitima au akibatiza mtoto, alitafutwa yeye. Hakuwa na mgahawa wala kibao mlangoni. Alikuwa na masufuria makubwa ambayo mtoto angeweza kuogea, miiko mirefu kama mipini ya majembe, na wanawake sita au saba aliowaita pale kazi inapotokea. Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake, na mama yake kwa bibi yake. Sisi ni wale watu wa mjini ambao tukiulizwa kabila tunasema ni watu wa Tabora, halafu tunanyamaza. Mama alipenda kusema kwamba misafara ilipokuja kutoka pwani wengine walibeba shehena, wa kwetu wakabeba vyungu. Sijui kama ni kweli. Ninachojua ni kwamba katika utoto wangu wote nililala kwenye nyumba inayonuka moshi wa kuni na iliki, na kwamba siku za sikukuu, watu wote walipokuwa wanakula chakula cha mama yangu, mimi nilimsubiri nyumbani na pilau iliyokwisha kupoa.

Kiharusi kilimkuta asubuhi anachambua mchele. Nilisikia ungo umeanguka, nikafikiri ni kuku. Kilimchukua mkono wa kulia, mguu wa kulia, na maneno yote isipokuwa moja. Neno lililobaki lilikuwa "haya." Ukimuuliza kama anasikia njaa, haya. Ukimuumiza wakati wa kumgeuza, haya, kwa ukali. Daktari alisema hutokea hivyo, mtu hubaki na neno moja, na kwamba mengine huenda yakarudi au yasirudi. Alinieleza hayo huku akiandika jambo jingine kwenye karatasi ya mtu mwingine.

Nyumbani tulikuwa wawili. Mimi niliachika zamani, sikujaliwa mtoto, nikarudi kwa mama. Kaka yangu yuko Dar es Salaam, na kila Jumapili hupiga simu kuuliza hali, kisha husema, "Afadhali wewe upo hapo karibu." Ninafanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi, karibu na stesheni. Jirani alikubali kukaa na mama mpaka saa nane mchana. Baada ya saa nane alikuwa wangu mpaka kesho yake: kumwogesha, kumgeuza ili asipate vidonda, kumnyoosha vidole kimoja kimoja kama nilivyofundishwa, kufua mashuka. Nilikonda. Mteja mmoja dukani aliniuliza kama nimefunga, na haukuwa mwezi wa kufunga.

Nikaamua jambo moja tu: watu wote wa kazi ya mama niwaambie kwa mara moja, simu inyamaze.

Shida ilikuwa kuwajua. Kwenye simu ile kulikuwa na namba zaidi ya elfu moja, na mama hakumwandika mtu hata mmoja kwa jina lake. Aliwaandika kwa vile alivyowaona yeye. Bi Harusi Gari Jekundu. Kuni Ipole. Baba Pacha Kaliua. Mzee Hataki Pilipili. Fundi aliyemuuzia simu alimfundisha kuwapanga watu katika makundi, na jambo hilo lilimpendeza sana. Kila alipohifadhi namba aliiwekea kundi. Lakini kila mara aliliandika upya kwa kidole chake, bila miwani, kwa hiyo kundi moja likawa na sura nyingi: Msiba, msba, Misiba, Msibaa. Kioo cha simu kilikuwa kimepasuka, na ukigusa kundi hili linafunguka lile.

Dukani nina kompyuta, na nimezoea kupanga orodha ndefu za watu wanaokuja kujiandikisha mambo yao mtandaoni. Siku moja saa saba mchana, wakati wa jua kali ambapo hapiti mteja, nilitoa majina yote ya mama kwenye simu yakawa faili moja, nikaliingiza kwenye kompyuta. Kila mtu alikuwa na mistari yake: jina, namba, na mstari wa kundi. Nikaandika skripti. Si kitu cha ajabu, ni maagizo machache ambayo kompyuta inayasoma moja baada ya jingine. Niliiambia: fungua faili, tazama mstari wa kundi wa kila mtu, mwenye neno Msiba mweke huku, mwenye neno Harusi mweke kule, wengine waache.

Mara ya kwanza ikaniletea watu wachache kiasi kwamba nilicheka peke yangu. Kompyuta haijui kwamba msba ni msiba. Ikabidi niichape orodha ya makundi yote kama mama alivyoyaandika, nikae nayo na kalamu, nikisoma makosa yake moja moja na kuyarudisha kwenye skripti. Kazi hiyo ilinichukua siku tatu za saa saba mchana. Nilikuwa najifunza upya mkono wa mama yangu. Niliona alivyokuwa anaruka irabu akiwa na haraka. Niliona kwamba neno "mchele" hakulikosea hata siku moja.

Mwishowe makundi yakaonekana. Harusi, Msiba, Hitima, Mchele, Kuni, Masufuria, Wasaidizi. Na moja ambalo sikulielewa: Bado. Watu wake hawakufika thelathini, na wote walikuwa pia kwenye kundi la Msiba. Nikafikiri ni watu ambao bado hawajapikiwa, wanaongoja zamu yao. Nikawatoa huko Msiba nikawaweka pembeni peke yao, kwa sababu nilikosa nguvu ya kuwaza zaidi.

Kisha nikaiambia skripti initolee na wale wasio na kundi lolote. Walikuwa wengi, namba za kupita, watu wa luku, watu wa bodaboda. Katikati yao nikajikuta mimi. Nilikuwa nimeandikwa Mwanangu, namba sahihi, mstari wa kundi mtupu. Kaka yangu naye alikuwa humo humo, kwa hiyo sikuwa na haki ya kununa. Nilinuna hata hivyo. Nilifunga duka nikaenda nyumbani, na nilipomgeuza mama siku hiyo sikumsemesha.

Ujumbe niliuandika Alhamisi, kabla ya adhuhuri, nimesimama kwenye kaunta. Mtu aliyechoka huokota maneno yaliyo karibu, na kwenye duka letu maneno yaliyo karibu ni ya matangazo. Niliandika hivi: "Assalaam alaykum. Kwa masikitiko tunawajulisha kuwa mama yetu mpendwa, mpishi wa shughuli zenu za furaha na za majonzi kwa miaka yote hii, hatunaye tena jikoni kwa sababu ya maradhi. Yuko nyumbani anatibiwa. Tunaomba dua zenu." Nikausoma mara moja, nikauona una heshima. Nikautuma kwa Msiba, Harusi, Hitima na Wasaidizi, nikaizima simu ya mama, niliyokuwa nimekuja nayo dukani, na yangu pia, ili nipumzike kwa mchana mmoja.

Sikujua kwamba kwenye simu ndogo za vitufe ujumbe mrefu hufika vipande viwili, na kipande cha pili huweza kuchelewa saa kadhaa. Kipande cha kwanza kilikatika baada ya neno "tena."

Nilifika nyumbani saa nane na robo. Mama alikuwa ameketishwa barazani kwenye kiti chake, mito miwili ubavuni, na jirani amekwenda kwake kuswali. Nilikuwa sijavua viatu wakati mwanamke wa kwanza alipoingia uani. Alikuwa amejifunga kanga mbili, moja kichwani, na alikuwa analia kwa sauti ya juu, ile ya mtu anayetaka nyumba nzima ijue amefika. Aliniona mimi, akanikumbatia.

"Mwanangu! Ameondoka lini? Mbona hamkutuita mapema?"

"Nani?"

Alinitazama. Kisha akatazama nyuma ya bega langu, akamwona mama barazani, na sauti yake ikakatika kama redio iliyochomolewa waya. Kabla hajasema lolote wakaingia wengine wawili. Halafu wanne. Barabarani bodaboda zilikuwa zinasimama moja baada ya nyingine na vumbi lilikuwa limejaa mlangoni. Mzee mmoja aliweka kikapu chini akaanza kuuliza kaburi linachimbwa wapi, ili vijana wapelekewe majembe.

Nilisimama katikati ya ua na kurudia, "Jamani yupo, jamani yupo hai, ni ujumbe tu," na kila niliyemwambia aliona aibu ya kuondoka, akakaa. Walikaa kwenye ngazi, kwenye ndoo zilizogeuzwa, chini. Walikuwa wamekuja kumzika mtu, na mtu mwenyewe alikuwa anawatazama.

Wa mwisho kufika alikuwa msaidizi wa mama wa miaka mingi, mama mmoja wa Kinyamwezi kutoka Ntalikwa. Yeye alikuwa anajua habari za ugonjwa, alikuwa amekuja kumwona zaidi ya mara tano. Ndiyo maana hakushangaa kusikia kwamba amekufa. Alishuka kwenye bodaboda na nusu gunia la mchele na mwiko wake mwenyewe, macho yamevimba, akaenda moja kwa moja jikoni bila kumtazama mtu, akaanza kuburuta sufuria kubwa kutoka chini ya meza.

"Mama mdogo, shikamoo," nilimwambia. "Hebu simama kwanza."

"Marahaba mwanangu. Niache. Hakuna mtu mwingine atakayempikia yeye."

"Mama mdogo, hajafa. Njoo umwone."

Nilimshika mkono nikamtoa mpaka barazani. Alisimama mbele ya mama na mwiko wake. Mama alimtazama yeye, akautazama mwiko, akautazama ua uliojaa watu wenye kanga kichwani, na nadhani hapo ndipo alipoelewa yote.

"Haya," alisema.

Akacheka. Upande mmoja tu wa uso wake ulicheka, mate yakamtoka, bega likatikisika mpaka mto ukaanguka. Msaidizi wake alikaa chini pale pale miguuni pake akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, na ua mzima ukafuata. Mimi sikucheka. Nilikuwa namshikilia mama asianguke na nilikuwa nafikiria mahali watakapokaa watu hawa wote, na chooni hakuna maji.

Niliziwasha simu zote mbili. Kaka yangu alikuwa amepiga mara nyingi sana. Nilipompigia alikuwa analia, mtu mzima mwenye mvi.

"Yaani mama anakufa, mimi naambiwa na watu baki? Niko kituoni hapa natafuta basi!"

Nilimweleza. Nilisikia makondakta wakiita abiria nyuma yake.

"Sasa kama ni hivyo," alisema mwishowe, "basi nitakuja mwezi ujao, nikijipanga."

"Uko kituoni tayari," nilimwambia.

"Nimetoka kazini bila ruhusa, dada yangu. Nitakuja mwezi ujao."

Sikuwa na nguvu ya kugombana. Nilimwambia sawa.

Uani, kwa kuwa mchele ulikuwepo na kuni zilikuwepo, wanawake walikuwa wameshawasha moto. Mtu alikuwa amekuja na kuku wawili, mwingine na vitunguu. Walipika pilau kama ilivyopikwa mahali pengine kwa miaka yote, isipokuwa safari hii mama alikuwa amekaa hatua kumi kutoka kwenye sufuria na hawezi kunyanyuka. Hakutulia. Moto ulipozidi aliunyooshea mkono wa kushoto, "Haya! Haya!" na mwanamke mmoja akakimbia kuchomoa ukuni. Chumvi ilipotaka kutiwa mapema alipiga kiti kwa kiganja. Walimtii. Walikula, wakaosha vyombo, na walipoondoka alasiri walimuaga mmoja mmoja, wakimshika mkono uliolegea kana kwamba ni mzima.

Yule mama wa Ntalikwa alibaki kunisaidia kumwingiza ndani. Ndipo nilipokumbuka kumuuliza. Nilimwambia kwamba kwenye simu kuna kundi mama ameliandika Bado, na sijui watu wake wanangoja kupikiwa nini.

Alimtazama mama kwanza, kama anayeomba ruhusa.

"Hao hawangoji kupikiwa," alisema. "Hao tulishawapikia. Unajua mpishi wa msiba hakai mkekani. Anaingia mlango wa nyuma, anatoka mlango wa nyuma, ananuka moshi. Wafiwa hata hawamwoni. Mama yako jambo hilo lilikuwa linamsumbua. Tukiwa tunarudi alikuwa ananiambia, hapa nimekuja kazini, sijahani, sijawapa wafiwa pole. Itabidi nirudi nikae nao. Kwingine alirudi. Kwingine kazi zilimbana."

"Kwa hiyo anawaandika Bado."

"Akishakwenda anafuta."

Nilimgeukia mama. Alikuwa amelala chali, anatazama dari, na chozi lilikuwa linamtoka kwenye jicho la upande ule uliokufa. Nilimuuliza kama ndivyo. Alisema haya, taratibu, mara mbili.

Ningependa kusema kwamba niliguswa, na kwamba pale pale niliamua. Ukweli ni kwamba nilichukia. Niliona ni kazi nyingine imeongezwa juu ya zangu, kazi ya watu waliokufa zamani. Wiki nzima nilijifanya nimesahau. Lakini kila asubuhi nilipomletea uji alikuwa anageuza macho dirishani kwenye simu, hata ikiwa kimya, kisha ananitazama. Jumamosi niliichapa ile orodha dukani. Nikampigia dereva wa bajaji mmoja mpole ninayemfahamu, nikampigia yule mama wa Ntalikwa aje tusaidiane kumbeba.

Nyumba ya kwanza ilikuwa hapo hapo mjini, mitaa mitatu kutoka kwetu. Kwenye simu iliandikwa Msiba Mwalimu. Kumtoa mama kwenye bajaji kulituchukua muda mrefu kuliko safari yenyewe, maana miguu yake ilikuwa inazama mchangani na mwili wake, japokuwa amekonda, ni mzito kama wa mtu aliyelala. Mjane alitoka akifuta mikono kwa kanga. Alikuwa mwanamke wa makamo, na mumewe alikuwa amefariki miaka mingi kiasi kwamba alifikiri tumekosea nyumba.

"Karibuni. Kuna usalama?"

Nilianza kueleza na maneno yakanigomea, kwa sababu yalikuwa hayaelezeki kirahisi: huyu ni mpishi aliyepika kwako siku ile, amekuja kukupa pole. Yule mama wa Ntalikwa akayasema badala yangu. Mjane alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia ndani, akatoka na mkeka, akautandika sebuleni, na tukamketisha mama chini, mgongo ukutani, kama anavyokaa mtu aliyekuja msibani. Mama alimshika mkono kwa ule wa kushoto. Akamwambia neno lake lile.

"Nimepoa, mama," mjane alimjibu. "Nashukuru. Nimepoa."

Walikaa hivyo. Halafu mjane akalia kidogo, si sana, akacheka kwa kujiona analia. Alitusindikiza mpaka kwenye bajaji, na nilipokuwa nahangaika kumfunga mama kwa kanga asianguke kwenye kona aliniwekea mkono mgongoni. "Na wewe pole," aliniambia. "Mimi nilimuuguza mwenzangu miezi minane. Pole sana." Tangu ungo ule ulipoanguka, watu wote walikuwa wananipa pole ya mama. Ile ilikuwa yangu. Nilipanda bajaji nikatazama mbele njia nzima, nikamwacha mama aegemee upande aliotaka.

Hatukwenda kama watu wenye mpango. Jumamosi moja tulipata nyumba mbili, nyingine moja, nyingine mama aliamka na homa tukabaki. Nyumba moja ilikuwa imeuzwa, na mwenye nyumba mpya alitupa maji ya kunywa asijue la kufanya nasi. Nyingine wafiwa walikuwa wanagombana juu ya kiwanja cha marehemu, wakanyamaza tulipoingia na wakaendelea tulipotoka. Ntalikwa tulikwenda nyumba tatu siku moja, katikati ya mashamba ya karanga, na kwenye ya tatu bibi mmoja kizee alitupokea kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," akakaa na mama mkekani wakishikana mikono kwa muda mrefu sana, mmoja hana maneno na mwingine hana meno. Mgongo wangu uliniuma wiki nzima baada ya siku ile. Kila tulipotoka kwenye nyumba, mama alinitazama mpaka nitoe simu na kufuta neno lile mbele ya macho yake. Hakuniamini niseme tu kwamba nimefuta.

Kisha mvua zikaanza na bajaji ikakwama mara mbili. Mama naye akapungua nguvu, akawa hawezi kukaa mkekani bila kuteleza. Waliobaki walikuwa wa mbali, Ipole, Kaliua, na wawili waliohamia Kigoma. Nilimwambia hao tutawapigia simu. Aliitazama simu, kisha akasema haya, taratibu.

Nilikuwa naweka simu kwenye mto, karibu na sikio lake zima, sauti imefunguliwa. Mimi naeleza, yeye anasema neno lake, wao wanajibu wanavyojibu. Wengi walikuwa wapole. Mmoja alifikiri ni matapeli, akakata.

Mzee wa Kaliua, yule Baba Pacha, nilimpigia Jumapili asubuhi. Alikuwa amefiwa na mkewe alipokuwa akiishi hapa mjini, kabla ya kurudi kwao. Nilimweleza kama nilivyowaeleza wengine, kwa sauti ya mtu aliyechoka na maneno yake mwenyewe.

"Mpishi?" aliuliza. "Mpishi gani, mwanangu? Mimi simkumbuki mpishi."

Nilimwona mama amefumba macho. Nikataka kukata.

"Ngoja," mzee alisema. "Simkumbuki mpishi, nisikudanganye. Ila nakumbuka nilikula. Nilikuwa sijala tangu walipomtoa hospitali, watu wananibembeleza nakataa. Siku ya tatu mtu alinisukumia sahani, wali ulikuwa na mdalasini. Nikala wote. Nikaomba mwingine. Niliona haya, mke wangu amekufa na mimi naomba wali mwingine. Huyo ndiye?"

"Ndiye," nilimwambia. "Yuko hapa anakusikia."

"Ananisikia?"

"Anasikia kila kitu. Kuongea tu ndiko hawezi."

"Basi usikate," alisema. "Mke wangu huyo alipenda sana mdalasini."

Akaanza kumweleza mama habari za mkewe, tangu walivyokutana, yeye akiwa kibarua wa reli na mke akiuza asali kwenye kituo kimoja njiani. Hakuwa na haraka. Niliiacha simu juu ya mto, nikatoka nikakaa kwenye kizingiti cha mlango wa uani, nikaegemea mwimo. Mvua ilikuwa imekatika na ardhi inatoa mvuke. Nilisinzia pale pale nimekaa. Nilipozinduka jua lilikuwa limekwisha kuhamia kwenye ukuta wa jirani, na ndani sauti ya mzee ilikuwa inaendelea, imefika kwenye kuzaliwa kwa pacha.